Kikapu Changu cha Ushuhuda

Kama umepewa kikopo cha makohozi hospitali ukakificha ndani ya kanga ili mwenzako wa benchi asikione, maneno haya ni yako. Mimi changu nilikificha kwenye mfuko wa Biblia.

Naitwa Tusekile. Nakaa Ipyana, nina wajukuu tisa, na kila aliyefika shule ananishinda kusoma. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitegemee nikueleze kifua kikuu kinaingiaje mwilini na kinatokaje. Hayo kamuulize sista. Nitakueleza nilivyoumwa, nilivyojivuna, na nilivyokaribia kumwua binti wa watu kwa mdomo huu huu unaomtaja Mungu.

Pale stendi ya Kyela wananiita Bibi Spika. Miaka mingi sasa, kila siku ya soko, nabeba spika yangu ndogo ya betri na kikapu changu, nakwenda kuwaombea watu nisiowajua. Abiria wa Mbeya, wanawake wenye magunia ya mchele, waliotoka kuuza ndizi. Sikungoja mtu aniite. Nikimwona mtu ameshika tumbo nauliza, "Mwanangu, una nini?" na kabla hajajibu mkono wangu uko begani kwake. Ninaomba kwa sauti, karibu na uso, maana maombi ya mbali nilikuwa nayaona kama chai isiyo na majani.

Na mvua ya Kyela ilikuwa shemasi wangu. Ikishuka, inashuka kama imetumwa. Soko zima linakimbilia vibarazani. Kibaraza kikubwa kuliko vyote ni cha Mzee Shomari, muuza maturubai na magunia, ambaye baba yake alitoka pwani akaja huku kwa biashara wala hakurudi tena. Mzee Shomari ni Mwislamu na hajawahi kunifukuza. Watu wakishabanana pale hawana pa kwenda, nawasha spika.

"Haya, mama mchungaji," hunitania, "mvua imekuletea kanisa. Usiniharibie wateja."

"Wateja wako nawabariki, baba Shomari. Wakibarikiwa watanunua."

"Wa mwezi uliopita uliwabariki, wakanunua kwa jirani."

Sasa kuhusu kikapu. Sisi wanawake wa maombi tulikuwa na desturi: aliyepona analeta alama ya ugonjwa wake, anaitia kikapuni mbele ya watu. Alama haitupwi. Mimi ndiye mtunzaji, na kikapu kilikaa chini ya kitanda changu. Mlikuwa na fimbo mbili, bandeji, hirizi, na mkanda wa mgongo. Ilikuwapo pia miwani, lakini mwenyewe aliifuata nyumbani baada ya siku nne, akaniambia haoni njia ya kwenda shamba. Nilimpa nikiwa nimenuna. Nilimwona mtu wa imani haba. Mngojee huyo mtu wa miwani, nitamrudia.

Kikohozi kilianza tulipokuwa tunapanda mpunga, mvua za kwanza. Nikasema ni maji ya majaruba. Nikakohoa mwezi wa kwanza, nikakohoa wa pili. Gauni langu la kanisani likaanza kuning'inia kama limeanikwa kwenye mti. Asubuhi shuka limelowa jasho utadhani limefuliwa. Na bado nilikwenda sokoni. Nilikuwa nafunga kikohozi kwa leso, namalizia sala, nageuka pembeni nakohoa, narudi kwa mwingine.

Nyumbani nilikuwa na Subilaga, mke wa mwanangu wa mwisho. Mumewe anafanya kazi ya ujenzi Mbeya, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: mimi, yeye, na mtoto wao Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Neema alilala kitandani kwangu.

"Mama, twende hospitali," Subilaga aliniambia.

"Mimi ndiye ninayewaombea wanaotoka hospitali."

"Ndiyo, mama. Wao wanatoka. Wewe hata kuingia bado."

Yule binti ana adabu, lakini maneno yake yana makali kama jani la mpunga: unagundua umekatwa ukishafika nyumbani. Nikaenda.

Nawaambia juu ya lile benchi. Chumba cha kifua kikuu kiko mwisho wa majengo yote, nyuma, na benchi lake linatazama ukuta. Benchi la watu sita tulikaa watatu, kila mmoja ameweka nafasi kati yake na mwenzake. Wawili walijifunika vichwa. Mmoja nilimtambua kwa viatu: mzee wa kanisani kwetu. Akaniona naye. Hatukusalimiana kwa mdomo. Yeye alivuta miguu yake ndani, nami nikavuta yangu.

Kungoja pale ni kazi. Mimi siwezi kukaa. Nilisimama, nikaenda hadi mwembe wa getini, nikarudi, nikaketi, nikasimama. Nilikuwa nimezoea kuingia hospitali na Biblia mkononi, napita kitanda hadi kitanda. Sasa nimeshika kikopo.

Sista alikuwa msichana mdogo, uso mkavu, kazi mkononi. Akanipa majibu, akanipima na damu ya Ukimwi, nikawa sina. Kisha akachukua kalamu.

"Bibi, miezi hii umekaa karibu na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Wa stendi. Wa soko. Wa wodini."

"Nitajie majina."

"Sista, mimi nawaombea. Siwaandiki."

Akaweka kalamu mezani. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza.

Neema alipimwa, hakuwa nao, akapewa dawa ya kumkinga. Mimi nikaanza vidonge vinne kila asubuhi, miezi sita. Subilaga akateuliwa kuwa msimamizi wangu: ananitazama nikimeza, anaweka alama kwenye kadi. Siku ya pili mkojo wangu ulitoka rangi ya mawese. Nilidhani ndiyo safari. Subilaga akasema, "Sista alikuambia, mama. Hukusikiliza kwa sababu ulikuwa unamwombea."

Viungo viliuma. Chakula kilinuka chuma. Lakini wiki ya tano nikaamka shuka kavu. Wiki ya saba nikala samaki mbasa mzima na ndizi, nikalamba vidole. Kikohozi kikabaki kama mgeni aliyeaga lakini bado anafunga viatu mlangoni. Nikasema moyoni: Bwana amenitendea.

Hapo ndipo mguu wangu ulipoteleza. Sikilizeni vizuri, maana wengi mtateleza hapo hapo.

Mchungaji wetu hakunifundisha hivyo. Alishanitembelea akaniambia, "Mama, meza dawa na uombe." Ni mimi. Habari zangu zilikuwa zimeshavuja. Sokoni watu walinong'ona kwamba Bibi Spika anaombea wenzake na yeye mwenyewe ana kifua. Nikaona aibu ile itafutwa na kitu kimoja tu, ushuhuda. Na ushuhuda kwetu una alama. Nani anasimama kusema amepona, kesho asubuhi ameze vidonge vinne?

Ilikuwa siku ya soko, mwezi wa nne, ile mvua inayofanya baiskeli zibebwe na wenyewe. Kibaraza cha Mzee Shomari kimejaa hadi ndani ya duka. Nikawasha spika. Nikasema niliumwa, nikasema nilikonda, nikasema jasho. Wakatulia. Kisha nikatoa karatasi za vidonge mfukoni, zote zilizokuwa zimebaki, nikaziinua juu.

"Bibi Tusekile," Mzee Shomari aliita kutoka kwenye meza yake, "hizo si umepewa na daktari?"

"Nimepewa na daktari, nimeponywa na Bwana."

"Kwangu hapa mteja akirudisha turubai lazima aseme lina kasoro gani. Hizo dawa zina kasoro gani?"

Watu wakacheka. Nami nikasema, na nilisema kwa spika, "Hazina kasoro. Kazi yake imekwisha. Aliyeponywa akirudia dawa ni kama mke wa Lutu, anageuka nyuma." Nikazitia kikapuni.

Pale mbele, karibu na rundo la maturubai, alikuwapo binti mwembamba na mtoto mgongoni. Alikuwa amenunua turubai la bluu, amelikumbatia. Akaweka turubai chini. Akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi ya vidonge vyekundu kama vyangu, akasogea, akaitia kikapuni juu ya yangu. Nikamwekea mikono, nikamwombea kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na watu wakasema amina hadi mabati yakaitika kuliko mvua. Jina lake sikumwuliza.

Ninakiri mbele yenu kwamba katikati ya sala ile kifua kiliniwasha. Nikakibana kwa leso. Alidhani nalia.

Nyumbani nilimwambia Subilaga kadi yake aiweke kando.

"Mama, mimi siwezi kubishana na Mungu wako. Lakini mtoto ni wangu."

Kesho yake akafunga nguo, akambeba Neema, akaenda kwa mama yake kule Busale. Nikasema aende. Nikasema mitume nao waliachwa. Nilikuwa na maneno ya kila kitu siku zile.

Wakati wa kuvuna kikohozi kilirudi, na safari hii hakikubisha hodi. Nikiinama kukata mpunga nakaa chini. Siku moja nikatema damu kwenye mashuke ya mpunga, nikaifunika na majani kama paka. Nikaita hiyo ni vita ya kiroho, nikafunga kula siku tatu, mimi ambaye mifupa ilikuwa inaonekana. Jirani ndiye aliyempigia simu Subilaga.

Alikuja siku hiyo hiyo. Mtoto hakumleta. Alisimama mlangoni, akafungua madirisha yote, akanipikia uji, akanishika mkono nikanywa. Hakuna "nilikuambia". Kisha akasema, "Mama, nimempigia sista simu, anataka dawa za zamani. Zile ulizoacha. Ziko wapi?"

Akakivuta kikapu kutoka chini ya kitanda, akaanza kutoa. Fimbo. Mkanda. Bandeji. Karatasi zangu. Halafu akatoa nyingine, akaigeuza.

"Hii ya nani?"

Nawaambieni, nilikuwa nimemsahau. Miezi mitatu nimelala juu ya dawa za mtu, na nilikuwa nimemsahau. Nikakaa kitandani nikaona ile shingo nyembamba, ule mkono unaingia kifuani. Kama mimi niliyeshiba mbasa nimerudi hivi, yeye je? Na mtoto mgongoni?

Kule hospitali sista aliigeuza ile karatasi, akatikisa kichwa. "Si ya kwetu. Haina jina." Akasema atapiga simu vituo vingine wamtafute. Mimi akanianzishia upya, siku ya kwanza ya miezi sita, kama ile ya mwanzo haikuwapo. Makohozi yangu yakapelekwa kupimwa tena, waone kama dawa zile zile bado zinanikubali au nimeshaziharibu. Na akaniambia nikae nyumbani, nisiende kwenye mkusanyiko, mpaka yeye aseme.

Mimi, nikae. Nilizunguka ile nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Naenda hadi mgomba wa mwisho, narudi. Nikilala nahesabu: yeye ameacha siku ngapi sasa. Majibu yangu yalipokuja, kwamba dawa bado zinanikubali, Subilaga alilia. Mimi nilisema "Ndaga, Kyala," nikamshukuru Mungu kwa lugha ya mama yangu, halafu papo hapo nikauliza, "Na yule?"

Sista alikuwa amepiga simu. Hakuna aliyemjua.

Siku ya soko Subilaga akaenda kwa Mzee Shomari kwa niaba yangu. Akarudi na habari.

"Anamkumbuka. Alisema anatoka Makwale, anaanika kakao ya mama yake. Lile turubai lilikuwa na tundu pembeni, akampunguzia, akaliziba kwa kiraka chekundu."

"Jina?"

"Mama, yeye anauza maturubai. Hawaandiki." Akanitazama. Nikajua hakusema hivyo kwa bahati mbaya.

Sista aliponiruhusu kutoka, niliwaka kama moto wa mashuke. Subilaga alikuwa amemwacha Neema Busale bado, kwa hiyo tulikuwa wawili. Tukachukua baiskeli mbili za abiria hadi Makwale. Nilifunga barakoa. Ile karatasi ya vidonge ilikuwa kwenye mfuko wa Biblia, palepale pa kile kikopo.

Sasa mtu asiyefika Makwale hajui kazi tuliyopewa. Kila uwanja una kakao, na kila kakao iko juu ya turubai, na kila turubai ni la bluu. Tulitembea nyumba hadi nyumba na kuinamia vitu vya watu.

"Ugonile, juuba," nilimsalimu mama mmoja, nikiwa tayari nimeshainua ncha ya turubai lake.

"Salama. Unaiba au unanunua?"

"Natafuta kiraka chekundu."

"Umri huu, dada, tafuta mume."

Subilaga akacheka mpaka akashika mti. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aondoke kwangu, na nilitamani nipotee siku nzima nikimtafutia maturubai.

Saa nane mchana tukaliona. Kiraka kikubwa kama kiganja, uzi mnene, kona ya kushoto. Mama mtu mzima alikuwa anageuza kakao kwa miguu, anaburuza nyayo taratibu mistari kwa mistari. Alinitazama machoni juu ya barakoa.

"Ni wewe wa spika," alisema.

"Ni mimi."

"Basi ingia uone kazi yako."

Bupe alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Ndipo nilipolijua jina lake. Mabega yamepanda juu, macho makubwa, mtoto anacheza na kifuniko cha sufuria mbali kidogo. Alipokohoa mama yake alifumba macho. Aliponitambua akajaribu kupiga magoti kunisalimu, nikamzuia.

Nikamweleza kilichonileta. Nikatoa karatasi yake. Nikamwambia hizi zimepitwa na muda, usizimeze, twende kwa sista akuanzishie mpya, mimi nimekwisha anza.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, siwezi kugeuka nyuma. Wewe ndiye uliyesema. Mke wa Lutu."

"Nilikosea."

"Uliniombea, nikasikia moto mwilini."

"Mwanangu, moto huo huenda ulikuwa homa." Nikakaa chini kwenye udongo, mbele yake. "Siku ile nilipokuombea nilikuwa nabana kikohozi. Uliniona nimeshika leso. Sikuwa nalia."

Kakao ilikoma kusikika huko mbele. Mama yake alikuwa amesimama.

"Kwa hiyo Mungu hakukuponya?" Bupe akauliza.

Hilo swali, ndugu zangu, lilikuwa limeninyima usingizi siku nyingi. Nililijibu kama nilivyoweza. "Alikuwa ananiponya. Mimi nikampangia tarehe. Tena nikampangia siku ya soko, ili watu wawe wengi."

Akamtazama mtoto wake. Nikadhani amekubali, nikaanza kunyoosha mkono. Akasema, "Ulisema mbele ya watu wote, kwa spika. Leo unanigeuzia maneno hapa uani, mimi na wewe. Nikirudi kumeza, watu wa stendi watasema nini? Watasema Bupe ndiye hakuwa na imani. Kaseme kule kule."

"Nikisema, utameza?"

"Kaseme kwanza."

Njiani kurudi Subilaga hakunibembeleza. Alisema tu, "Mama, siku ya soko ni keshokutwa."

Siku mbili zile niliumwa kuliko siku za damu. Kifua ni kifua, lakini jina. Nimezeeka na jina moja. Nilijiambia labda amwamini sista bila mimi. Labda nimwandikie barua. Nikamkumbuka mtu wa miwani, alivyosimama mlangoni kwangu akiwa na aibu, anaomba miwani yake aone njia, nami nimenuna. Yeye alikuja peke yake, bila spika. Alikuwa na moyo kuliko mimi.

Siku ya soko nikabeba spika na kikapu. Na mvua haikuwapo. Mwezi wa nane Kyela ni jua na vumbi, hakuna kitu cha kuwasukuma watu kibarazani. Wanapita, wana shughuli zao. Mzee Shomari alikuwa anapanga magunia.

"Umepona, bibi?"

"Bado. Nimekuja kusema hivyo."

Akaacha gunia. Akaniletea stuli, kisha kikombe cha maji, akaviweka mbele ya kibaraza, juani, mbali kidogo na watu. Hakunitania.

Nikawasha spika. Nikasema, "Mwezi wa nne nilisimama hapa nikasema nimepona kifua kikuu, nikatia dawa zangu kwenye kikapu hiki. Sikuwa nimepona. Nilijua bado nakohoa. Nimetema damu. Nimeanza dawa upya. Kama niliwahi kukuombea karibu na uso wako, au ulikaa na mimi kibarazani hapa, nenda kapime makohozi. Na kama uliacha dawa kwa sababu yangu, wewe si mwenye imani haba. Mimi ndiye niliyesema uongo kwa jina la Mungu."

Wengi waliendelea kupita. Hilo liliniuma na kunifurahisha. Wachache wakasimama. Mwanamke mmoja wa maombi, mwenzangu wa miaka yote, alitikisa kichwa akaondoka, na hadi leo tunasalimiana kwa mbali.

Kijana wa bodaboda akapaza sauti, "Bibi, mimi uliniombea pikipiki. Niipeleke gereji?"

"Ulikuwa hujaipeleka?"

"Bado."

"Ipeleke. Halafu uje niiombee."

Wakacheka. Katika kicheko hicho nikatoa vidonge vyangu vya siku ile, ambavyo Subilaga alikuwa amekataa kuniangalia nikimeza nyumbani. "Leo wasimamizi ni wao," alikuwa ameniambia. Nikavimeza kimoja kimoja, vinne, na kila kimoja kilishuka na kitu. Nilipotua kikombe nikamwona Bupe ng'ambo ya barabara, mtoto mgongoni, kanga hadi puani. Nikainua mkono. Akageuka akaondoka.

Nilirudi nyumbani nikijua nimepoteza vyote viwili, jina langu na Bupe.

Siku ya tatu nilikuwa na zamu ya kliniki. Nikaketi kwenye benchi lile linalotazama ukuta, nimeacha nafasi yangu kama kawaida. Mtu akaja akakaa. Hakuacha nafasi. Bega lake mfupa mtupu likagusa langu.

"Sista wako mkali?" Bupe akauliza.

"Mkali sana. Utampenda."

Mkononi alikuwa na kikopo, na hakukifunika.

Naye dawa zilimkubali. Mtoto wake hakuwa nao. Nimeyaandika hayo kwa haraka hivi, lakini kila jibu kati ya hayo nililingoja kwa miguu, kutoka benchini hadi kwenye mwembe, kutoka kwenye mwembe hadi benchini. Mpaka sista akasema ataniwekea alama ya mahudhurio kwa kilomita.

Subilaga alimrudisha Neema wakati wa miembe kuchanua. Mtoto alinisahau. Alinitazama kama mtu wa spika. Ilichukua siku sita na ndizi mbivu nyingi kabla hajaja kukaa mapajani. Mtakaoachwa na watoto wenu mkiumwa, msilazimishe. Menyeni ndizi, mkae kimya.

Mimi nimemaliza dawa zangu wiki iliyopita. Makohozi safi, kadi imefungwa, gauni la kanisani limekaa. Bado naenda stendi, bado nawaombea nisiowajua. Nasimama hatua mbili, na nauliza kwanza. Kikapu kimebaki na bandeji, mkanda na hirizi. Fimbo zote mbili nimewapelekea wenyewe, na mmoja alikuwa anatembelea mti wa mwembe kwa miezi yote hiyo, anaona haya kuniomba.

Bupe yeye alianza nyuma yangu, amebakiza siku ishirini na mbili. Mama yake anamsimamia, lakini tulikubaliana jambo moja, sisi wawili: kila asubuhi saa moja ananipigia. Hatuongei. Nasikia kikombe kikiguswa, nasikia akimeza, anakata simu.

Leo mvua za kupanda mpunga zimekolea, Subilaga ameshatangulia kwenye majaruba, nami naandika huku simu iko mezani. Saa moja imepita. Saa moja na robo. Nimevaa viatu, nimechukua mwavuli, nimemwita jirani amshike Neema. Nimeshika komeo la mlango.

Simu imelia saa moja na dakika ishirini. Sikuuliza alikuwa wapi. Nikasikia kikombe. Nikasikia koo.

"Tayari, bibi."

Nikavua viatu.